Farasi, Punda Milia na Jicho la Shosho

Mara ya kwanza Shosho kuniuliza, nilikuwa na simu mkononi. Ilikuwa Jumapili, tumemaliza kula, na yeye amekaa kwenye kile kiti chake karibu na mlango, pale mwanga wa saa nane huingia. Mimi ndiye mjukuu niliyepewa jina la babu, kwa hivyo huniita mzee wangu, kama shosho wengi wa kwetu wanavyomwita mjukuu aliyebeba jina la mume wao. "Mzee wangu," akasema, "hebu niangalie hapa jichoni. Kuna kitu."

Nikainua macho. Kwenye ukingo wa ukope wake wa chini kulikuwa na kauvimbe kadogo kama punje ya mtama. "Ah, Shosho, hiyo ni chokea tu. Weka kitambaa cha maji moto, itaenda." Nikarudi kwa simu.

Nimejaribu baadaye kukadiria nilimwangalia kwa muda gani. Sekunde mbili. Tatu, kama nitajionea huruma. Makala haya yanahusu sekunde hizo, kwa sababu kale kauvimbe hakakuwa chokea. Kalikuwa saratani ya tezi za jasho kwenye ukope, ugonjwa ambao daktari wa macho anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao hata mara moja. Na swali ambalo limekataa kunitoka ni hili: kama jambo ni nadra kiasi hicho, je, kuna mtu wa kulaumiwa kwa kutoliona?

Jibu la haraka ni hapana. Nani angejua? Nililishika jibu hilo kwa miezi kadhaa, kwa sababu lilikuwa linanifaa. Lakini kila nikilirudia naona limejengwa juu ya mchanga. Acha nieleze kilichotokea, halafu tufikirie pamoja.

Kauvimbe hakakuenda. Hakakuuma pia, na hapo ndipo sote tulipotulia, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kitu kibaya huuma. Shosho pekee ndiye aliyewaza kinyume. Ameuza mboga Githurai zaidi ya miaka 30, amelea watoto sita na wajukuu sijui wangapi, na chokea ameziona nyingi. "Chokea nazijua," alikuwa anasema. "Chokea huuma, huiva, hupasuka, inaenda zake. Hii imekaa tu hapa kama mpangaji asiyelipa."

Baada ya miezi alipelekwa zahanati. Akaambiwa ni kalazioni, yaani tezi ya mafuta ya ukope imeziba na kuvimba, jambo la kawaida kabisa. Wakapasua kidogo kwa ndani, wakakwangua, wakamfunga bandeji. Kilichokwanguliwa kikaenda kwa pipa la taka. Miezi saba baadaye kikarudi, pale pale. Akapelekwa mahali pengine, pa bei zaidi kidogo. Wakapasua tena. Safari hii waliuliza kama tunataka kipande kipelekwe maabara, shilingi 3,500, lakini wakaongeza kwamba si lazima, ni kitu cha kawaida. Baba mdogo akapiga simu kwa watu wa familia wanaochanga. Nikapokea nikiwa kazini. Nakumbuka maneno yangu vizuri: "Kama daktari mwenyewe amesema si lazima, si tusipoteze pesa?"

Kipande cha pili kikafuata cha kwanza.

Mara ya tatu, nywele za kope zilikuwa zimeshaanza kudondoka juu ya ule uvimbe. Daktari aliyemwona alikuwa kijana, pengine rika langu. Aliuliza swali moja ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameuliza: "Shosho, hiki ni cha ngapi?" Akajibiwa ni cha tatu, mahali palepale. Akaweka kisu chini na kusema hatapasua chochote ambacho hakiendi maabara. Wiki mbili baadaye jibu likaja.

Sasa, mimi nilidhani ukope ni ngozi tu, pazia la kufunga na kufungua. Waswahili husema macho hayana pazia, maana huwezi kuyazuia yasione. Pazia lipo, lakini ni nani huliangalia? Ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, haifiki milimita moja, na bado ndani yake kuna karakana nzima. Kuna tezi za mafuta zilizopewa jina la Meibom, Mjerumani aliyezieleza mwaka wa 1666. Mafuta yake huzuia machozi yasikauke haraka. Kuna tezi nyingine ndogo za mafuta, za Zeis, kando ya mizizi ya nywele za kope. Na hapo hapo kwenye mizizi kuna tezi za Moll, zilizopewa jina la daktari wa macho Mholanzi wa karne ya 19. Hizi ni tezi za jasho zilizobadilika kidogo. Ziko jamii moja na tezi za jasho za kwapani. Juu yake, ngozi ya ukope ina tezi za jasho za kawaida kama ngozi nyingine.

Tezi yoyote kati ya hizo inaweza kugeuka saratani. Zile za jasho hufanya hivyo kwa nadra sana. Kuna aina inayojaza uvimbe ute, ambayo hupenda sana maeneo ya kope. Kuna nyingine, ndugu yake wa karibu, ambayo ilitambuliwa kama aina inayojitegemea mwaka wa 1997 tu. Huonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mkubwa, mara nyingi kwenye ukope wa chini. Kuna inayojichimbia ndani ya ngozi ya uso kama mizizi ya nyasi, iliyoelezwa mwaka wa 1982. Na kuna inayofanya ukope wote kuwa mnene na mgumu, bila hata uvimbe wa kuonyesha kwa kidole. Nyingi kati yake hukua polepole, haziumi, na kwa nje zinafanana na kafuko ka maji au kalazioni. Hazina haraka ya kusambaa. Ila ukitoa nusu na kuacha nusu, zinarudi.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuja baada ya jibu la maabara. Daktari alisema kabla ya upasuaji lazima Shosho apigwe picha ya matiti. Shosho akashtuka. "Mimi nimekuja na jicho. Mbona sasa mnataka maziwa?" Daktari akamweleza bila haraka. Titi, kwa asili yake, ni tezi ya jasho iliyobadilishwa ili itoe maziwa. Kwa hivyo saratani ya tezi za jasho za ukope na saratani ya titi zinaweza kufanana sana chini ya hadubini, hadi vipimo vya homoni vikatoa majibu yanayolingana. Lazima ihakikishwe kwamba kilicho jichoni kimezaliwa jichoni, hakikusafiri kutoka kifuani. Shosho akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Kumbe hata maziwa ni jasho. Hiyo mimi nilijua tangu nizae wa kwanza."

Matiti yalikuwa salama. Kilichobaki kilikuwa jicho, na lile swali langu.

Madaktari wana msemo wao, uliotoka Marekani, unaosemekana kuanzishwa na mwalimu wa udaktari huko Maryland miaka ya 1940: ukisikia kwato nyuma yako, fikiria farasi, usifikirie punda milia. Maana yake, ugonjwa wa kawaida ndio huenda ukawa sababu, kwa hivyo anza nao. Ni ushauri wa busara. Daktari anayeona saratani adimu katika kila chunusi atawatesa watu wengi bure.

Lakini mpeleke yule mwalimu Kitengela. Asimame kando ya barabara inayopakana na mbuga, asikie kwato. Farasi atoke wapi? Hapa kwetu mwenye kwato huenda ni punda milia kweli, au ng'ombe wa mtu. Msemo ulikuwa sahihi mahali ulipotungwa. "Nadra" si sifa ya ugonjwa wenyewe. Ni uhusiano kati ya ugonjwa na mahali, na kati ya ugonjwa na watu wanaohesabu.

Mfano upo, na uko karibu na jicho hilo hilo. Kuna saratani ya utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho. Ulaya ni ugonjwa wa wachache, wengi wao wazee. Huku Afrika Mashariki, kwa ajili ya jua kali na virusi vya Ukimwi, inawapata watu wengi zaidi, tena wakiwa na umri mdogo. Watafiti walifanya jaribio hapa Kenya, wakawapa baadhi ya wagonjwa matone ya dawa baada ya upasuaji na wengine matone yasiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa 2016: ndani ya mwaka mmoja, uvimbe ulirudi kwa takriban wagonjwa 11 katika kila 100 waliopata dawa, na 36 katika kila 100 ambao hawakuipata. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu mtu aliamua kuhesabu hapa, kwa macho ya watu wa hapa. Angetumia orodha ya Ulaya ya nini nadra na nini kawaida, asingeanza.

Sasa rudi kwa pipa la taka la zahanati. Vipande viwili vya Shosho viko humo. Kwa hesabu ya nchi, mara hizo mbili Shosho alikuwa mgonjwa wa kalazioni. Kama si yule kijana, angekufa akiwa mgonjwa wa kalazioni kwenye daftari. Ugonjwa hautumwi maabara kwa sababu ni nadra, na unabaki nadra kwa sababu hautumwi maabara. Sisemi kwamba saratani hizi zimejaa mitaani na hatuzioni. Sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba hesabu iliyotokana na vipande vilivyotumwa haiwezi kukuambia lolote kuhusu vilivyotupwa.

Nilimpelekea rafiki yangu hoja hii. Ni afisa wa kliniki kwenye kaunti moja, na hana subira na watu wanaofalsafisha kazi yake. "Wewe," akaniambia, "mimi kwa siku naona watu hamsini. Macho mekundu, malaria, kikohozi, mtoto ameharisha. Nikituma kila kivimbe maabara nani atalipa? Na hiyo pesa ikienda kwa vivimbe, ni dawa gani itakosekana? Shosho wako nampenda, lakini kuna watu hamsini kwa foleni."

Hoja yake ni nzito, na sitaki kuipita kwa kando. Ni hoja ya wengi dhidi ya mmoja. Mwaka wa 1977 mwanafalsafa Mmarekani John Taurek aliandika insha iliyouliza kama idadi inapaswa kuwa na uzito wowote. Alisema hapana. Ukiwa na dawa inayoweza kumwokoa mtu mmoja au wengine watano, yeye angerusha sarafu, kila mtu apate nafasi sawa. Sababu yake ni kwamba maumivu hayajumlishwi. Watu watano wenye maumivu ya kichwa hawatengenezi maumivu makubwa mara tano yanayomkaa mtu fulani. Kila mmoja anaumwa na chake tu.

Wazee wetu walilifika jambo hilo kwa njia fupi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huwezi kukusanya kunguni wa vitanda hamsini ukasema ni mzigo wa mtu mmoja.

Mimi siendi na Taurek hadi mwisho. Kama nina chanjo za watoto hamsini au kipimo cha mtu mmoja, siwezi kurusha sarafu nikalala vizuri. Rafiki yangu ana haki: idadi ina uzito tunapogawana kidogo tulichonacho. Lakini Taurek ameona kitu ambacho foleni hutusahaulisha. Uwezekano wa moja katika laki ni ukweli kuhusu umati. Hakuna mtu anayeugua moja katika laki. Shosho aliugua yote.

Kwa hivyo takwimu inamwambia daktari aanzie wapi. Haimwambii mgonjwa aliye mbele yake ana thamani kiasi gani, wala haimwambii aishie wapi. Mambo haya matatu tumeyachanganya, na ndiyo maana neno "ni kawaida tu" limekuwa kama mlango: ukishalisema, umefunga.

Kuna jambo lingine kuhusu umati. Ulaya wanaita saratani nadra ile inayowapata watu wasiofika 6 katika kila 100,000 kwa mwaka. Kila moja peke yake ni ndogo. Lakini walipozijumlisha zote, zilikuwa zaidi ya moja kati ya kila saratani tano zinazogunduliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Hao watu wa pembeni wakikaa pamoja wanajaza uwanja, ila kila mmoja wao ameketi kwenye benchi lake akiambiwa yuko peke yake. Kwa hivyo hata kwa hesabu ya rafiki yangu, hesabu ya foleni, kumpuuza mgonjwa wa nadra si kumpuuza mtu mmoja. Ni tabia moja inayorudiwa kwa wengi.

Tukirudi kwa lawama, nimejaribu kuzigawa kwa haki.

Yule wa kwanza aliyepasua simlaumu sana. Uvimbe mdogo kwenye ukope, hauna historia, farasi wako kila mahali. Kukosea hapo ni kukosea kwa mtu anayefanya kazi. Ila angeweza kusema sentensi moja ya ziada, isiyogharimu hata shilingi: "Kikirudi mahali hapo hapo, si kalazioni tena mpaka maabara iseme." Sentensi hiyo ingetuokoa zaidi ya mwaka.

Wa pili ni tofauti. Kurudi kwa uvimbe ni habari mpya. Chokea na kalazioni hurudi wakati mwingine, sawa. Lakini kwa mwanamke wa miaka 71, mahali pale pale, baada ya kukwanguliwa, hapo jibu la kwanza limeshaanza kutetereka, na mtu mwaminifu kwa kazi yake anapaswa kulishuku. Kosa lake halikuwa kutojua. Lilikuwa kutotaka kujua wakati mlango ulikuwa wazi, tena kwa 3,500. Nafikiri hapa ndipo mpaka ulipo kati ya bahati mbaya na uzembe. Kisichojulikana hakina lawama. Lawama huanza pale kitu kinapogonga mlango mara ya pili na sisi tukaitikia kwa jibu lile lile.

Halafu kuna mimi.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, ana kitabu cha 2007 kuhusu dhuluma inayohusu ujuzi. Moja ya anazozieleza ni hii: mtu anasema jambo analolijua, na anapunguziwa imani kwa sababu ya alivyo, si kwa sababu ya anachosema. Nilipoisoma nikamkumbuka Shosho na mpangaji wake asiyelipa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Hakuwa na jina la ugonjwa, lakini alikuwa na ushahidi: hauumi, hauivi, hauendi. Ni ushahidi ule ule ambao daktari kijana aliutumia miaka miwili baadaye. Tofauti ni kwamba ulitoka kwa mwanamke mzee muuza mboga, na mwanamke mzee akisema anaumwa huambiwa ni uzee. Akisema haumwi lakini kuna kitu, huambiwa anapenda kusumbua. Na ugonjwa wenyewe, noma kabisa, hupenda hao hao wasiosikilizwa.

Mimi sikuwa daktari, na hakuna aliyenitaka niwe. Nilitakiwa tu niangalie. Sikuweza kumpa jina la ugonjwa, lakini ningeweza kumpa dakika moja ya mwanga pale mlangoni, na swali: tangu lini? Ningeweza, siku ile ya simu, kusema "Shosho anasema hii si chokea, tulipe." Badala yake nilitumia neno la kitaalamu la mtu mwingine, "si lazima", kama mwavuli. Nilimwamini mtu aliyemwona dakika kumi kuliko aliyeishi na jicho lile miaka 71. Na ukweli mchungu zaidi: wiki hiyo hiyo nilinunua viatu vya 4,000.

Sileti hadithi ya viatu ili mnipige mawe. Sidhani kila shilingi tunayotumia ni ya mgonjwa fulani. Maisha hayawezi kuendeshwa hivyo. Naileta kwa sababu niliposema "tusipoteze pesa" nilijidanganya kwamba naongea kuhusu pesa. Nilikuwa naongea kuhusu mtu. Nilikuwa nimeamua kwamba shaka yake haifiki bei hiyo.

Kwa hivyo nikiulizwa leo, jibu langu ni hili. Hatuna wajibu wa kujua kila kitu adimu. Hakuna anayeweza. Tuna haki ya kuanza na farasi. Lakini anayeanza na farasi ameweka deni: lazima arudi kuangalia kama kweli ni farasi. Ukisema "ni kitu cha kawaida", ongeza tarehe. Kisipopona mwisho wa mwezi ujao, tunaenda. Kikirudi pale pale, kinaenda maabara. Nywele za kope zikidondoka juu yake, kikitoka damu, kikikua bila kuuma, hatungoji mwezi. Rafiki yangu wa kliniki alikubali sehemu hii. Alisema hiyo haimgharimu kupima watu hamsini. Inamgharimu kumsikiliza mmoja anaporudi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wengi hawarudi kwake, huenda kwingine, na yule wa kwingine huanza upya na farasi. Hapo sina jibu, ila kusema kwamba mgonjwa anapozunguka hivyo, kuna watu wanaojua historia yake yote. Sisi wa nyumbani. Sisi ndio daftari lake.

Upasuaji wenyewe ulinifundisha upande mwingine wa jambo hili. Kwenye ukope, kila milimita ni kazi. Tunapepesa macho mara kumi na kitu kwa dakika, bila kufikiri, na kila mara machozi hupakwa upya juu ya jicho. Ukikata ukope sana, jicho hubaki wazi, hukauka, linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ukikata kidogo ili kuhifadhi sura, unaacha mzizi, na uvimbe unarudi ukiwa umeingia ndani zaidi. Mmarekani Frederic Mohs alianza miaka ya 1930 kutengeneza njia ya kukata tabaka moja moja na kukagua kila moja chini ya hadubini hadi kingo ziwe safi. Shosho hakupata njia hiyo hasa. Daktari alikata, akatuma kingo zote maabara, akamfunga jicho, tukangoja siku nne. Kingo ziliporudi safi ndipo wakajenga ukope upya, kwa kipande kutoka ukope wa juu na ngozi ya nyuma ya sikio. Jicho lilikaa limeshonwa wiki kadhaa.

Siku hizo nne za kungoja ndizo nilizoelewa kwamba daktari mzuri si yule asiye na shaka. Huyu alikuwa amekata, alikuwa na ujuzi, na bado alikataa kujiamini mpaka aangalie tena. Alifanya makusudi kile ambacho sisi tulikataa kufanya mara mbili.

Familia ilichanga kwa M-Pesa, kwa ile grupu yetu ya WhatsApp ambayo kwa kawaida ni ya kupeana mistari ya Biblia. Ilifika zaidi ya mara thelathini ya zile 3,500. Hakuna aliyetaja hesabu hiyo kwa sauti. Mimi niliijua.

Sasa jicho la Shosho la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia, na sehemu ya ukope haina nywele. Mwanzoni alikuwa anaenda kanisani na miwani meusi. Wajukuu wadogo wakaanza kumwita staa. Siku moja akaiacha nyumbani, na mama mmoja wa kanisa alipomuuliza kilichotokea, akasema, "Nilipewa jicho lingine. Hili linaona watu wanaonidanganya." Kila baada ya miezi sita anarudi kukaguliwa, kwa sababu saratani hizi zina tabia ya kurudi hata baada ya muda mrefu. Kwa hivyo hadithi haijaisha, na sitajifanya imeisha.

Sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nilijaribu mara moja, akanikatiza akaniuliza kama nimekula. Nadhani alijua ninakoelekea na hakutaka nifike.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake. Tukamaliza kula. Akavuta kiti hadi mlangoni na kusema, "Mzee wangu, hebu njoo uniangalie." Nikaweka simu mezani, nikainama, nikashika uso wake kwa mikono miwili na kuugeuza kwenye mwanga. Nikaangalia ukingo wote, kutoka puani hadi nje. Kovu, laini. Hakuna kitu.

"Hakuna kitu, Shosho."

"Angalia tena," akasema.

Nikaangalia tena.